Kabla ya Kulipatia Jani la Kisukuku Jina Jipya

Wengi wanaoanza kazi ya kuchunguza majani ya kisukuku, yaani mabaki au alama za majani ya kale zilizohifadhiwa ndani ya mawe, hukimbilia jina, ilhali jina ndilo jambo la mwisho. Kazi yenyewe ni kujiuliza kama tofauti unayoiona inatenganisha spishi mbili, au ni tofauti ya kawaida ndani ya mti mmoja. Jani lililokua juani kwa kawaida huwa dogo na nene kuliko la kivulini, na majani ya mche yaweza kuwa na meno ukingoni wakati yale ya mti mkomavu hayana. Kwa hiyo usiridhike na kielelezo kimoja kizuri. Kusanya vyote vya tabaka moja la mwamba, hata vilivyovunjika, uvipange kwa ukubwa, kisha uangalie kama sifa unayoitegemea inadumu au inabadilika kidogo kidogo kutoka kimoja hadi kingine.

Umbo la jumla ni shahidi dhaifu. Katika karne ya 19 majani mengi yaliwekwa katika jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) za miti iliyo hai kwa kufanana sura tu, na mengi yamelazimika kuhamishwa baadaye. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika mishipa. Weka taa ubavuni mwa jiwe, chini kabisa, ili vivuli vidhihirishe mishipa midogo, kisha ufuate mshipa mmoja wa pembeni tangu unapochipuka kwenye mshipa mkuu: unatoka kwa pembe gani, unaishia ndani ya jino, au unapinda kabla ya ukingo na kuungana na ule ulio juu yake? Litazame na jino lenyewe, uone kama mshipa unaingia katikati yake au unapita kando. Kutikula, yaani utando mwembamba unaofunika jani, ikiwa imehifadhiwa, seli zinazozunguka stomata (vitundu vidogo vya kupitishia hewa) mara nyingi hutenganisha majani ambayo kwa macho hayatofautiani.

Ukishajiridhisha, zingatia kanuni za kimataifa za majina ya mimea. Kwa visukuku, tangu 1996 maelezo ya spishi mpya huandikwa kwa Kilatini au Kiingereza. Picha au mchoro ni sharti la tangu 1912. Na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachowekwa kuwa msingi wa jina, lazima itajwe pamoja na taasisi inayoihifadhi. Jiwe lililopasuka likatoa pande mbili zenye jani lilelile, pande zote mbili ziandikwe namba ya kielelezo hicho, kwani zikitengana makumbushoni ni vigumu mno kuziunganisha tena.

Kumbuka pia kwamba unalipatia jina jani, na si lazima mti mzima. Glossopteris ni jina la majani na Vertebraria ni la mizizi, ingawa leo tunajua kuwa vilitoka katika mimea ileile. Jina la spishi litokane na mahali au sifa inayoonekana, wala si na undugu unaoukisia, kwa sababu jina lililochapishwa kihalali halifutwi kwa kuwa tu halifai. Vielelezo vikiwa haba, chapisha maelezo na picha chini ya jenasi pekee, na spishi uiache bila jina.