Baada ya Kutolewa Kizazi, Kosa Langu Lilikuwa Kuogopa Maji

Siku ya pili baada ya upasuaji, sista aliinama kando ya kitanda changu akaninong'oneza, "Mama, umepitisha hewa?" Niliona haya nikashindwa kumjibu. Wodi ilikuwa imejaa, nami ni mtu mzima wa miaka 46. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba tumbo likifunguliwa matumbo huzubaa, na hewa hiyo ndiyo ishara kuwa yameamka. Natamani mtu angeendelea kuniuliza maswali ya namna hiyo nilipofika nyumbani, maana shida zangu zilianzia huko.

Nilitolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye kizazi. Nilikuwa nimevuja damu mpaka nikawa napanda ngazi kwa kushika ukuta. Upasuaji wenyewe siujutii hata kidogo. Ila hakuna aliyenikalisha chini akanieleza kwamba kizazi hukaa katikati, kibofu kikiwa mbele yake na utumbo wa haja kubwa nyuma yake. Ili kukitoa, daktari hulazimika kukibandua kibofu taratibu kutoka pale kilipojishika. Kwa hiyo si ajabu majirani hao wawili wakachukua muda kutulia. Kwa wanawake wengi hutulia ndani ya wiki kadhaa. Mimi yangu ilichukua miezi, na sehemu kubwa nilijisababishia mwenyewe.

Nauza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu. Nilirudi baada ya miezi miwili, na Jumapili ya kwanza tu, nikiinama kuokota blauzi, nilipiga chafya nikahisi unyevu. Kabla ya saa sita ilikuwa imenitokea mara tatu. Choo cha kulipia kiko mbali na meza yangu, na siwezi kuacha bidhaa kila nusu saa. Nikaamua jambo lililoonekana la busara kabisa: nisinywe maji mpaka jioni. Kikombe cha chai asubuhi, basi. Na hili joto letu la Kisumu.

Ndani ya wiki moja nilikuwa nakaa siku nne au tano bila kwenda haja kubwa. Vidonge vya kuongeza damu nilivyokuwa nikimeza navyo hufanya choo kiwe kigumu, na dawa kali za maumivu nilizopewa mwanzoni zilikuwa zimeshapunguza mwendo wa matumbo. Nilikuwa nakamua hadi machozi. Kumbe kila ninapokamua nailegeza ile misuli ya chini inayobeba kibofu, na choo kilichojaa kinakisukuma kibofu kutoka nyuma. Mkojo nao, kwa kukosa maji, ulikuwa wa manjano nzito, na mkojo wa namna hiyo hukiwasha kibofu kikataka kutoa hata kijiko kimoja. Nilikuwa nimeacha maji nisivuje, na sasa nilikuwa navuja zaidi. Nikuombe basi, dada yangu: ukianza kuvuja, usipunguze maji ya kunywa. Anza kushughulikia choo.

Nilirudi kwenye lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo, nikipunguza saa mbili kabla ya kulala. Chai, kahawa na soda ndivyo nilivyopunguza, kwa kuwa hukichokoza kibofu. (Kwetu Magharibi mwa Kenya kumnyima mtu chai ni kama kumfukuza, najua. Nilibaki na kikombe kimoja cha asubuhi.) Chakula hakikunisumbua kwa sababu tunacho: mrenda, ambao majirani zangu Wajaluo huuita apoth, mboga ya osuga, papai, maharagwe, ugali wa wimbi. Ila niliwahi kujaza wimbi na githeri kabla sijarudisha maji, tumbo likajaa kama ngoma. Vyakula vya nyuzinyuzi bila maji huziba. Choo kilipogoma bado, daktari aliniandikia dawa ya maji ya kulainisha, na sikuona aibu kuitumia.

Halafu mkao. Choo cha shimo cha kijijini, kile cha kuchuchumaa, kinafungua njia vizuri kuliko cha kukalia. Kwangu mjini nina cha kukalia, hivyo naweka kigoda chini ya miguu mpaka magoti yapande juu ya nyonga, naegemeza viwiko kwenye mapaja, nahema. Naenda baada ya kifungua kinywa, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo wa chini nao husukuma.

Kilichonisaidia zaidi na mkojo ni mazoezi aliyonifundisha mtaalamu wa fiziotherapia. Kaza misuli kana kwamba unazuia hewa isitoke mbele za watu, na wakati huohuo kana kwamba unakata mkojo. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, usizuie pumzi. Shikilia kwa hesabu ya tano, baadaye kumi, kisha legeza kabisa kwa muda uleule. Mara 10, mara 3 kwa siku. Usiyaanze mpira wa mkojo ukiwa bado umo ndani, na muulize daktari wako kwanza. Mimi nilikaribia kukata tamaa wiki ya tano. Mabadiliko ya kweli niliyaona mwezi wa tatu. Nilijifunza pia kukaza kabla ya kukohoa au kuinua mzigo, na peke yake jambo hilo liliniokoa sokoni.

Haja ikikubana ghafla, usikimbie. Simama au keti, kaza haraka mara tano, ngoja ule msukumo upite, ndipo utembee. Niliandika kwenye daftari saa za kwenda chooni na nikawa naongeza dakika 15 kati ya safari moja na nyingine kila nilipozoea. Daftari hilo ndilo lililomfanya daktari anielewe, kuliko maneno yangu ya "nasumbuliwa huku chini".

Sasa mambo ambayo mazoezi hayatibu. Mkojo ukitiririka ukeni mchana na usiku, hata umelala, bila kukohoa wala kubanwa, au ukiona choo au hewa vinapita mbele, rudi hospitali siku hiyohiyo. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo. Wengi tunadhani fistula ni ya uzazi mgumu tu, lakini upasuaji nao unaweza kuisababisha, na inarekebishwa. Ukishindwa kabisa kukojoa, ukipata homa na maumivu ya kiuno, au tumbo likivimba, ukitapika na hewa haipiti, usingoje asubuhi. Mkojo ukichoma na kunuka, upimwe kwanza. Mimi niliwahi kununua vidonge vya kuua bakteria dukani kwa kukisia, shida ikarudi baada ya siku chache.

Mume wangu nilimficha kwa miezi minne. Nilipomwambia, aliuliza tu kama inauma, kisha akanitengenezea kile kigoda.

Desemba nilipanda matatu kwenda Kakamega kwenye mahari ya binti ya dada yangu, safari niliyokuwa nimeikwepa kwa muda. Niliketi karibu na mlango, nikamwambia makanga kabla hatujatoka Kondele kwamba nitahitaji kushuka njiani kwa sababu za kiafya. Alisema, "Sawa, mathe." Pale Chavakali alinisimamishia bila neno. Niliporudi nilimkuta mama mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma naye ameteremka, leso kiunoni, akinisubiri nimwonyeshe choo kiko wapi. Akaniambia alikuwa amebanwa tangu Kiboswa.