Mama anaanguka akinawa uso

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 71, na kisukari anacho mwaka wa 14 sasa. Anameza vidonge vya metformini. Tangu Ramadhani ameanguka mara tatu, zote alfajiri: mara mbili uani akitawadha, mara moja akienda chooni. Kizunguzungu anasema hana. Ila miguu ina ganzi, usiku inamchoma kama imepakwa pilipili, na akitembea anajiona kama anakanyaga pamba. Juzi ndala moja ilimvuka njiani, akafika dukani mguu mmoja peku, hana habari. Majirani wanasema ni uzee. Shangazi anasema amekanyaga kitu. Kaka zangu wanataka akae ndani tu, asitoke. Tumzuie? — Binti yake, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hiyo ndala. Miaka 26 nilifanya fiziotherapia hapa Tanga, na mgonjwa akiniambia kiatu kimemvuka bila kujua, naanza kushuku mishipa ya fahamu hata kabla hajakaa kitini. Shangazi yako naye hakukosea sana: tatizo lipo nyayoni kweli, ila hakuna aliyelitega.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na iliyo mirefu kuliko yote, inayoshuka mpaka vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia chini ikapanda taratibu kama mtu anavaa soksi. Sasa, kusimama wima kunategemea vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na nyayo zinazotoa habari za ardhi. Nyayo za mama zimenyamaza. Anatembea kwa macho.

Mwangalie basi uani alfajiri. Giza. Simenti imelowa. Ameinama na kopo mkononi, anajimwagia maji usoni, na hapo lazima afumbe macho. Amebakiwa na sikio peke yake. Hospitali tuna kipimo cha namna hiyo: tunamsimamisha mtu miguu pamoja, tunamwambia afumbe macho, tunatazama kama atayumba, na mtu kakaa tayari kumdaka. Mama yako anajipima kila siku peke yake, juu ya sakafu yenye utelezi.

Kwa hiyo la kwanza, atawadhe ameketi. Mtafutieni benchi au kiti imara kinachofika magotini mwake, kisiwe cha plastiki kinachocheza miguu, wala kigoda kifupi kama cha mbuzi ya nazi, maana kuinuka kutoka huko chini nako ni mtihani. La pili, taa. Iwake usiku kucha kutoka kitandani mpaka chooni. Taa ndogo ya sola inatosha. Asianze kupapasa swichi gizani. Halafu zungukeni nyumba: mkeka uliojikunja pembe, ndoo mlangoni, kizingiti kisichoonekana, kanga inayoburuta.

Kumfungia ndani sikubaliani nako hata kidogo. Wiki chache za kukaa tu na mapaja yanalegea, na mapaja ndiyo yanayomwokoa akijikwaa. Aende dukani kukiwa na mwanga. Nyumbani, awe na mtu ubavuni, ashike nondo za dirisha ajiinue kwa vidole vya miguu, ashuke, mara 10. Kisha akae kitini na kuinuka mara 10, mikono isisaidie kama anaweza. Siku tatu kwa wiki si nyingi.

Kipimo kimoja unaweza kumfanyia mwenyewe leo. Afumbe macho akiwa amelala. Mguse kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza: kidole gumba cha mguu, cha kati na kile kidogo, miguu yote miwili. Hivyo ni vidole sita. Asipohisi viwili au zaidi, mpeleke kliniki ya kisukari mapema. Kule omba mambo haya. Wapime vitamini B12, kwa sababu metformini ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi. Lakini asiache dawa kwa uamuzi wenu. Wampime presha akiwa amelala na tena akisimama, maana ikishuka ghafla mtu huanguka. Wajue kila kidonge anachomeza, hasa cha usingizi au cha kutuliza huko kuchoma usiku, kwani baadhi huacha usingizi mpaka asubuhi. Na macho wayaangalie. Mtu anayetembea kwa macho hawezi kuishi na mtoto wa jicho.

Jambo moja naliandika kwa aibu. Zamani nilimwambia mzee mmoja aloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Akaipima joto kwa miguu hiyohiyo yenye ganzi, akaungua malengelenge, kidonda kikachukua miezi kupona. Kosa langu, sikumwuliza atapimaje. Mama asiloweke miguu. Maji ya kuoga wewe yapime kwa kiwiko, na kila jioni tazama nyayo zake, hata katikati ya vidole.

Mkongojo atakataa, najua. Baba yangu aliukataa miaka miwili akatembea na mwavuli, jua lisilo na wingu, ili watu wasimwone mzee. Ncha ya chuma ya mwavuli ikateleza kwenye vigae vya msikitini. Fimbo yenye mpira chini, iishie usawa wa kifundo cha mkono, ndiyo iliyomfaa. Hata kugusa ukuta kwa kidole kimoja husaidia, kwa kuwa mkono unaupa mwili habari ambazo nyayo zimeshindwa kuleta.

Akianguka tena na nyonga ikamuuma asiweze kusimama, msimkande. Hospitali siku hiyohiyo.

Na viatu: makubazi yenye mkanda nyuma ya kisigino, soli isiyoteleza, asubuhi uvikung'ute kabla hajavivaa. Zile ndala zitoe nyumbani kabisa. Ukiziacha mlangoni atazivaa.