Usifute folda yoyote kabla ya kuuliza MsiGetMode

Mkuu, usisambaze hiyo MSI, yaani hicho kifurushi chako cha kusakinisha programu kwenye Windows. Umeuliza DLL yako moja (faili la msimbo) itajuaje kama kastomu aksheni, yaani hatua ya usakinishaji uliyoiandika mwenyewe, imeitwa papo hapo, imeahirishwa au inarudisha nyuma usakinishaji ulioshindikana. Halafu umebandika msimbo unaosoma INSTALLDIR (folda programu inamosakinishwa) na kufuta folda ya Data iliyomo. Msimbo kama huo nimeuona ukifuta kazi ya mteja.

Tulikuwa na mshauri wa kulipwa, akatuapia kuwa propati, yaani thamani zenye majina kama INSTALLDIR, husomeka popote vilevile. Uongo mtupu! Aksheni iliyoahirishwa huandikwa kwanza kwenye skripti, kisha huduma ya Windows Installer huitekeleza baadaye, wakati propati hazifikiki tena. Zinazobaki ni CustomActionData (data uliyoiandalia aksheni hiyo mapema), ProductCode (kitambulisho cha programu) na UserSID (kitambulisho cha mtumiaji) tu. Ukiiomba MsiGetProperty, fankisheni ya kusoma propati, ikupe INSTALLDIR, haipigi kelele, inakuletea maandishi matupu. Sasa unganisha utupu huo na "\Data": unapata folda ya Data kwenye mzizi wa diski. Aksheni yenyewe ilikuwa aina ya 3073 (DLL iliyoahirishwa), inatembea na mamlaka ya LocalSystem, akaunti ya mfumo wenyewe, nani angeizuia? Na mteja alikuwa na folda ya jina hilohilo pale kwenye C:, imejaa mafaili ya mauzo. Mshauri akasema eti kompyuta ya mteja ndiyo mbovu. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Mstari wa kwanza wa DLL uwe MsiGetMode, fankisheni inayokuambia uko katika hali gani. Iulize MSIRUNMODE_SCHEDULED (iliyoahirishwa), yaani 16, kisha ROLLBACK (kurudisha nyuma), 17, kisha COMMIT (baada ya usakinishaji kufaulu), 18. Zote tatu zikikataa, uko papo hapo, soma propati utakazo. Moja ikikubali, soma CustomActionData peke yake, nayo ikiwa tupu toka na ERROR_INSTALL_FAILURE (msimbo wa kosa la usakinishaji) bila kugusa faili hata moja.

Kuijaza CustomActionData, weka aksheni ya aina ya 51, ile ya kuweka thamani kwenye propati, baada ya CostFinalize (hatua inayokamilisha njia za folda), ijaze [INSTALLDIR] kwenye propati yenye jina lilelile la aksheni iliyoahirishwa. Ile ya kurudisha nyuma ina jina lake, kwa hiyo nayo itengenezee propati yake. Hapo wengi hupasahau kabisa.

Kisha endesha msiexec /i programu.msi /l*v logi.txt, utafute CustomActionSchedule ndani ya logi. Kama mbele ya CustomActionData= hakuna njia kamili ya folda, MSI hiyo isitoke kwenye mashine yako.