Kabla Hujapandisha Mfumo wa Kompyuta ya Studio

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya uprodyuza, swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Kaka, Windows 10 muda wake umekwisha, nipande 11 au nibaki?" Wa Mac nao wana lao, maana toleo jipya la macOS hutoka kila mwaka na kompyuta haichoki kukukumbusha. Mimi kwanza huuliza: una kazi ya mtu mkononi? Kama kuna albamu ya kwaya haijakabidhiwa, tangazo la redio linasubiriwa Ijumaa, au msanii ameshalipa nusu, usiguse kitu. Subiri kazi zitoke zote ndipo upandishe.

Wageni wengi huogopa kwamba programu ya kutengenezea muziki, kama FL Studio au Cubase, itakataa kufunguka. Mara nyingi inafunguka vizuri kabisa, kwa sababu wenye programu hizo wana watu wa kuzirekebisha kila mfumo unapobadilika. Kinachogoma ni vitu vidogo vinavyoizunguka: draiva (programu ya kuunganisha kifaa na kompyuta) ya sound card uliyonunua mtumba, plagini (kiongezi cha ala au athari za sauti) ya bure iliyotengenezwa na mtu mmoja aliyekwisha kuacha, leseni inayotaka kujua kama kompyuta ni ileile, ruhusa ya maiki. Kwa hiyo ukitaka kujua kama uko salama, usiishie kutafuta "je, FL Studio inakubali Windows 11?" Fungua projekti zako tatu nne nzito, andika kila plagini iliyomo, kisha uziulizie moja moja kwenye kurasa za watengenezaji. Inachosha, najua. Lakini orodha hiyo ndiyo studio yako. Programu kuu ni mlango tu.

Mfano mzuri ni Catalina, macOS 10.15, iliyotoka Oktoba 2019. Apple waliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, yaani zile za mtindo wa zamani kabla ya biti 64. Mojave iliyotangulia ilikuwa bado inazifungua, ikitoa onyo tu, na watu wakazoea kulifunga lile onyo bila kulisoma. Walipopanda Catalina, plagini za zamani zikakatika zote kwa pamoja. Ma-DJ nao waliumia kwa upande wao: iTunes iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na programu ya Music, na programu za DJ zilizokuwa zikisoma orodha za nyimbo kupitia faili la XML la iTunes zikajikuta hazina cha kusoma. Ndiyo maana mpaka leo utakutana na MacBook Pro ya 2012 iliyoachwa makusudi kwenye Mojave. Mwenye nayo si mvivu. Ile isiyo ya Retina unaweza kuiongezea RAM na kubadili diski mwenyewe, na Mojave ndiyo ya mwisho kufungua vitu vyake vyote.

Windows ina tabia tofauti. Microsoft hubeba vya zamani kwa muda mrefu. Hata Windows 11 bado inaendesha programu za biti 32, na FL Studio ya biti 64 kwenye Windows ina daraja lake la kupokea plagini za biti 32. Ila usidhani daraja hilo liko kila mahali. Cubase waliliondoa tangu toleo la 9, mwaka 2016, Catalina ikiwa bado haijazaliwa. Shida kubwa ya Windows ni vifaa. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), inataka Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka), na kwa prosesa za Intel orodha rasmi huanzia kizazi cha nane. Laptop nyingi za mtumba tunazonunua Kariakoo ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Fundi atakwambia kuna njia ya kuipitisha kwa nguvu, na kweli ipo, lakini Microsoft hawakuahidi chochote kwa mashine iliyopita mlango huo. Kompyuta ya kuandikia barua sawa, ijaribuni. Kompyuta ya kukulipia kodi ya chumba, hapana.

Tukirudi kwenye Mac, Novemba 2020 zilianza kutoka mashine za M1, chipu ya Apple wenyewe badala ya Intel, na hapo kuna mtego ambao wageni hawauoni. Programu nyingi za muziki zikiwashwa kwa lugha ya chipu mpya hazizioni plagini za VST (aina moja ya plagini) zilizoandikwa kwa ajili ya Intel. Hazijafutwa, zipo kwenye folda, ila hazionekani kwenye orodha. Dawa ya muda ni kuiwasha programu yenyewe kupitia Rosetta, mkalimani wa Apple wa programu za Intel: bofya ikoni yake, fungua maelezo yake, weka alama kwenye kisanduku cha Rosetta. Nimeiita ya muda kwa sababu Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa mashine za Intel, na Rosetta kwa matumizi ya kawaida itafika macOS 27. Kama leo unanunua plagini ambayo mtengenezaji wake bado hajaitoa kwa chipu za Apple, unanunua kitu chenye tarehe ya kuisha.

Na usidharau yale masasisho madogo. Machi 2024 ilitoka macOS 14.4, sasisho la katikati ya mwaka ambalo mtu angelipokea akiwa anakunywa chai. Plagini zilizolindwa kwa leseni, hasa za Audio Unit (aina ya plagini ya Apple), zikaanza kuangusha programu kwenye Mac zenye chipu za Apple. Kabla ya mwezi kwisha Apple wakatoa 14.4.1 kurekebisha. Aliyesubiri wiki tatu hakujua hata kama kulikuwa na tatizo. Zima masasisho ya kujiendesha kwenye mashine ya studio, kisha uyapokee wewe mwenyewe kwa siku unayoitaka.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ninaloona wengi hawafundishwi. Ndani ya projekti yako kuna vitu vya aina mbili. Kuna sauti iliyorekodiwa: vokali, gita, ngoma za kweli. Hizo ni faili za WAV, na WAV ya miaka ishirini iliyopita itafunguka kwenye kompyuta yoyote utakayonunua. Halafu kuna MIDI, ambayo ni maelekezo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Sauti yenyewe ya besi au ya kinanda inatengenezwa na plagini papo hapo. Plagini ikigoma, noti zako zipo zote, ila besi ni kimya. Vivyo hivyo urekebishaji wa vokali: sauti ghafi ya mwimbaji ipo, lakini ile iliyonyooshwa ilikuwa ikitengenezwa kila unapobonyeza kucheza.

Kuna kijana aliwahi kuniletea laptop yake baada ya kupandisha mfumo, amechanganyikiwa, anasema kazi ya kwaya imepotea. Haikuwa imepotea. Sauti za waimbaji zilikuwepo zote, safi. Kilichokosekana kilikuwa kinanda na besi, kwa sababu vyote viwili vilitoka kwenye plagini moja ya zamani isiyo na toleo jipya. Projekti ikafunguka, mistari ya MIDI inaonekana, wala haisikiki. Tungeweza kuweka kinanda kingine, lakini mwalimu wa kwaya alikuwa ameshakipenda kile. Tukaishia kutafuta kompyuta ya mtu mwingine iliyokuwa bado haijapandishwa, ili tutoe stemu mbili tu, yaani faili za sauti za kinanda na besi.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha chochote, toa stemu. Kila chombo kiwe faili lake la WAV, likianzia sekunde ya kwanza ya wimbo hata kama chombo kinaingia dakika ya pili, ili siku ukizipanga upya zikae sawa zenyewe. Kwa vokali, toa mara mbili: moja ikiwa na kila kitu ulichoweka, nyingine kavu. Andika BPM (kasi ya mapigo) na ufunguo wa wimbo kwenye jina la folda. Kwenye FL Studio hifadhi pia projekti kwa mtindo wa zip unaokusanya sampuli zote mahali pamoja, maana kuna wanaobeba faili la projekti peke yake na kuacha ngoma zao kwenye folda ya Downloads. Na kumbukeni kwamba projekti iliyohifadhiwa na toleo jipya la programu mara nyingi haifunguki kwenye toleo la zamani. Hifadhi kwa jina jingine, lile la kwanza liacheni kama lilivyo.

Leseni nazo. Plagini nyingi huruhusu kompyuta mbili au tatu, na ukisafisha diski na kuanza upya zinaweza kudhani hiyo ni kompyuta ya nne. Ingia kwenye akaunti yako uzizime leseni kabla ya kufuta, si baada. Vya kukraki sitawahubiria, ila mjue kinachotokea: mfumo mpya huja na ulinzi wake ukiwa umewashwa upya, na faili zilizochezewa ndizo za kwanza kufutwa. Huna wa kumpigia simu.

Sound card ndiyo inayofuata kuleta maumivu, hasa kwenye Windows. Kifaa kinaweza kutambulika, taa ikawaka, muziki ukasikika, na bado usiweze kurekodi kwa raha, kwa sababu Windows imekiwekea draiva yake ya jumla isiyo na ASIO, njia ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana. Utaiona kwa mwimbaji: anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa, anaanza kuvuta mwendo. Kwa ASIO halisi, bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 256 kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 6 kwa upande mmoja, kitu ambacho mwimbaji anakivumilia. Kwa hiyo pakua draiva ya mtengenezaji mapema, iweke kwenye flashi, maana kama intaneti nayo itagoma utakuwa umekwama mara mbili. Kama kifaa ni cha zamani na hakuna draiva ya mfumo wako, ASIO4ALL, draiva ya bure ya jumla, inaweza kukuokoa, lakini usiijengee studio juu yake. Wenye sound card za FireWire (mlango wa zamani wa kuunganisha vifaa) wabaki walipo: macOS 26 imeuacha mlango huo.

Ruhusa ya maiki inastahili aya yake kwa jinsi inavyopoteza muda wa watu. Tangu Mojave, kila programu kwenye Mac lazima iruhusiwe kutumia maiki, na Windows nayo ina kitufe cha namna hiyo kwenye mipangilio ya faragha. Ukibonyeza "usiruhusu" kwa haraka, programu itarekodi, mstari utasonga mbele, na kitakachoingia ni ukimya mtupu. Utaona mtu anabadilisha waya, anabadilisha maiki, anazima na kuwasha phantom (umeme wa maiki), kumbe tatizo liko kwenye mipangilio.

Njia ninayoipenda ya kupanda ni ile isiyogusa mfumo wa zamani kabisa. Kwenye laptop ya Windows inayofunguka, nunua SSD ya pili, nakili diski nzima kwake, ichomeke hiyo, panda nayo. Ile ya kwanza iweke kwenye droo. Ukikwama, unarudisha skrubu na unaendelea na kazi jioni hiyohiyo. Kwenye Mac unaweza kuongeza volyumu nyingine ya APFS (sehemu tofauti kwenye diski ileile) ukasakinisha macOS mpya humo, ukaijaribu huku ya zamani ipo. Anayepandisha moja kwa moja Windows 11 ana siku 10 za kurudi nyuma kupitia mipangilio ya Recovery, baada ya hapo mafaili ya kurudia yanafutwa. Zitumie siku hizo kufungua projekti nzito, si kubadilisha picha ya skrini. Kwa Mac hakuna kitufe cha namna hiyo, ni kufuta na kuanza upya. Tena Mac ya chipu za Apple haikubali mfumo wa zamani kuliko ule iliyotoka nao kiwandani.

Piga na hesabu ya bando. Mfumo wenyewe ni GB kadhaa, halafu maktaba za sauti zikitaka kupakuliwa upya, moja tu inaweza kuzidi bando lako la mwezi. Zihamishie kwenye diski ya nje kabla. Na usianze kazi hii umeme unapokatika-katika, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Ukishapanda na mambo yakagoma, usisakinishe kila kitu kwa pamoja. Anza na draiva ya sound card peke yake, cheza wimbo wa kawaida. Kisha programu ya muziki bila plagini za nje, rekodi kitu. Halafu plagini kwa mafungu madogo, ukiiambia programu izitafute upya kila mara. Itakapoanguka, utajua ni fungu gani.

Kuhusu swali la Windows 10: ndiyo, msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiunga na mpango wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Lakini mashine haikuzimika siku ile. Kama laptop yako ni ya kizazi cha sita, inarekodi bila kukwama na plagini zako zote zinafunguka, ushauri wangu ni uiache hapo na uitoe kwenye intaneti. Barua pepe, kupakua midundo, kutuma kazi kwa msanii, vyote vifanyike kwa simu au kompyuta nyingine. Flashi ya mteja ikague kwenye hiyo nyingine kwanza. Kabla ya kuchomoa Wi-Fi, hakikisha tu kwamba leseni zako hazitaki kuingia mtandaoni kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu zipo zinazodai hivyo, na zile itabidi uziunganishe kwa dakika chache kisha uzime tena.