Maswali ya Lugha: Foleni kwa Kiingereza

SWALI: Mimi huhudumia wateja katika Sacco moja hapa mjini. Tumeagizwa tuweke bango la Kiingereza mahali foleni inapoanzia. Mwenzangu anataka "Please make a line here", mimi nataka "Please queue here". Tupatanisheni.
Msomaji, Upper Hill

JIBU: Wekeni lako. Kiingereza tunachofunza na kuandikia Kenya ni cha Uingereza, na Mwingereza foleni huiita "queue". "Line" ni ya Mmarekani, naye bango hilo angeliandika "Line starts here". La mwenzako linaeleweka, ila linamkumbusha mtu mwalimu wa chekechea akipanga watoto uwanjani. Mkitaka upole zaidi, andikeni "Please wait here to be served".

Hata hivyo, wengi hawakosei kwenye neno lenyewe. Hukosea kwenye vijineno vinavyoliandama. "Queue" ni nomino na ni kitenzi pia. Kitenzi hicho hufuatwa na "for" ukitaja kitu na "to" ukitaja tendo: "We queued for forms", "We queued to pay". Ikiwa nomino, mtu huwa "in a queue", akifika hu-"join the queue", na wa mwisho yuko "at the back of the queue". "Line" haijapewa uhuru huo. "We lined for two hours" ni kosa. Sema "We stood in line", "We waited in line" au "We lined up". Utawasikia watu wa New York wakisema "on line" badala ya "in line". Huko ni sawa, lakini ukiandika hivyo Nairobi msomaji atadhani mlikuwa kwenye intaneti.

Jihadharini pia na "row". "Please stand in a row" inawataka wateja wasimame bega kwa bega kama wanakwaya. Foleni ni mtu nyuma ya mtu.

Kama madirisha yenu ni zaidi ya moja, ongezeni bango la pili: "One queue for all counters". Foleni ikiwa moja, mteja mwenye stakabadhi zenye matatizo hufunga dirisha moja tu na wengine husonga mbele kwenye yaliyo wazi. Kila dirisha likiwa na foleni yake, waliosimama nyuma ya mteja huyo ndio huumia, hata kama wamefika mapema kuliko wote. Hesabu za mambo haya zilianzishwa na Mdenmarki, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1909. Taaluma hiyo huitwa "queueing theory", na hapo hata Wamarekani huiweka "line" kando.

SWALI: Mtoto wangu wa Gredi ya 6 aliandika "que" akakatwa alama. Kwa nini neno linalotamkwa "kyuu" lina herufi tano?
Mzazi, Kayole

JIBU: Kwa sababu ni la Kifaransa, na Waingereza walilichukua na tahajia yake yote. Maana yake ni mkia, na asili yake ni Kilatini "cauda". Katika karne ya 18 Mwingereza aliyesema "queue" alikuwa akitaja msuko wa nywele unaoning'inia kisogoni. Maana ya safu ya watu wanaongoja ilianza kuandikwa kwa Kiingereza mwaka 1837.

Mfundishe hivi: andika "q", kisha "ue", kisha "ue" tena. Akitaka wakati uliopita aongeze "d" tu: "queued". Kwa "-ing", "queuing" na "queueing" zote zinakubalika, mradi asizichanganye katika insha moja. Na asiandike "cue". Hutamkwa vilevile, lakini hiyo ni fimbo ya kuchezea pool, au ishara ya kumwambia mwigizaji zamu yake imefika.

SWALI: Mtu akiruka foleni nimwambieje kwa Kiingereza bila kuzua ugomvi?
Msomaji, Embakasi

JIBU: Kuruka foleni ni "jump the queue" kwa Mwingereza na "cut in line" kwa Mmarekani, katika mazungumzo Mwingereza husema pia "push in". Lakini maneno hayo ni ya kumsimulia mwingine baadaye. Ukimwambia mtu usoni "Don't jump the queue" umeshamhukumu. Anza na swali: "Excuse me, are you in the queue?" Linampa nafasi ya kujifanya hakuona, arudi nyuma na heshima yake. Akikaza shingo, mwambie "Sorry, the queue starts back there".

Na ukitaka jirani akushikie nafasi, sema "Could you keep my place, please?" Usiseme "Hold the line", hayo ni ya simu, maana yake usikate.

SWALI: Je, jam ya Thika Road nayo ni "queue"?
Msomaji, Githurai

JIBU: Yaweza kuwa. Magari yaliyopangana nyuma ya kizuizi ni "a queue of traffic" au "a tailback" kwa Mwingereza, na "a backup" kwa Mmarekani. "Gridlock" iache mpaka makutano yafungane, kila upande ukimzuia mwingine. Kwa kawaida "traffic jam" inatosha, ila usiikate. "I am in jam" inamweka mtu ndani ya jemu ya kupaka mkate, na "in a jam" ina maana ya kuwa mashakani.

SWALI: Natafsiri kumbukumbu za mzee mmoja kuhusu uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Niandike "line voting"?
Mtafsiri, South B

JIBU: Hapana. Liache "mlolongo" lilivyo, kisha mara ya kwanza fafanua kwa "queue voting", na sentensi moja ya kueleza kwamba katika mchujo wa KANU wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombeaji au wakala wake, wakahesabiwa wakiwa wamesimama. "Line voting" itamvuta msomaji wa nje kwenye "party-line vote", yaani wabunge kupiga kura kwa kufuata msimamo wa chama chao. Hilo ni jambo jingine kabisa.