Alama nyekundu haikatazi

Je, alama nyekundu kwenye njia za baiskeli za msituni inamaanisha njia imefungwa? Hapana. Ni daraja la ugumu. Uingereza hupanga hivi: kijani rahisi, buluu ya wastani, nyekundu ngumu, nyeusi ngumu kupita zote. Marekani hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi, kwa hiyo huko nyekundu usiitafute. Njia iliyofungwa kweli huwa na kibao cha kukataza au utepe uliokatiza, mara nyingi kwa sababu ya ukataji miti. Hapo geuka, hata kama husikii msumeno.

Kama ndiyo unaanza, shika kijani kwanza, kisha buluu. Kwenye nyekundu utakutana na mawe na mizizi, na gurudumu la mbele likikanyaga mzizi uliolowa kwa mshazari linateleza kabla hujagusa breki.

Maelezo ya madaraja kwa kawaida yako kwenye ubao wa ramani karibu na maegesho. Vyoo na bomba la kuoshea baiskeli havipo kila msitu, na pampu na tyubu ya akiba ubebe mwenyewe.