Barua za Washington, anzia hapa
Ndugu uliyeuliza barua za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, zinapatikana wapi bure maana mwandiko wake unakushinda, achana na picha za makaratasi kwanza, ingia tovuti ya Founders Online ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, kule zimechapwa upya zinasomeka vizuri na za waasisi wenzake kina Adams, Jefferson na Hamilton zimo pia. Anza na ya tarehe 22 Mei 1782 kwa Kanali Lewis Nicola, huyu alimdokezea Washington, wakati huo mkuu wa jeshi, awe mfalme, maana wanajeshi walikuwa wanadai mishahara, na Washington akamkatalia siku hiyohiyo kwa ukali kabisa, mi naona hapo ndo unamjua mtu mwenyewe. Alizoandikiana na mkewe Martha usizitafute sana, Martha mwenyewe alichoma karibu zote. Ukishazoea ndo uende Maktaba ya Bunge la Marekani mtandaoni ukaone karatasi zenyewe.